Mama Mkwe Aliyebisha Hodi Ufini

Nabalayo hajawahi kukosa pa kulala, na sababu anayoitoa ni kwamba anajua kubisha. Mimi ni jirani yake wa miaka kumi na minne hapa mtaa wa Tassia. Mlango wangu unatazamana na wake, na katika milango yote aliyowahi kubisha, huu wangu ndio umeona mengi.

Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa zahanati. Kazi yangu ilikuwa kuandikisha watoto wachanga: mama ni nani, baba ni nani, mnaishi wapi. Miaka ishirini na saba ya kuhoji watu haimtoki mtu kwa sababu tu amepewa barua ya kustaafu. Kwa hiyo Nabalayo aliporudi kutoka Ufini mwaka jana mwezi wa tisa, nilimwacha apumzike siku moja tu. Siku ya pili nilibeba kiti changu, nikaketi mlangoni pake, nikamwambia aanze mwanzo.

Lazima kwanza nieleze jinsi tunavyoishi, maana bila hilo utamwona mwendawazimu. Wengi wetu hapa tuna singo, yaani chumba kimoja ambamo kitanda, jiko la gesi na televisheni vinatazamana. Mgeni wa heshima akija, humlazi humo. Unabisha kwa jirani na kumwambia, nilazie mgeni wangu. Jirani anasogeza watoto, anatandika godoro, na asubuhi mgeni anarudi kwako kunywa chai. Mimi nimemlaza kaka yake Nabalayo, Makokha, aliyekoroma mpaka vikombe vikalia kabatini, na sikumlalamikia mtu, ila leo.

Na kwa Nabalayo kuna la ziada. Yeye ni Mbukusu wa Chwele, na kwao mama mkwe na mume wa bintiye huheshimiana kwa mbali. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenziwe. Kulala wote chumba kimoja ni jambo lisilosemeka. Sisi Wajaluo tuna yetu, kwa hiyo sicheki.

Ana miaka hamsini na mitatu, mjane, fundi wa kushona katika soko la Gikomba. Kazi yake ni kupunguza mitumba: koti la mtu mnene wa Ulaya linafika mezani kwake asubuhi, na jioni linamkaa kijana wa mtaa wa Umoja. Kabla ya kutia mkasi, hupekua mifuko. Amekutana na tikiti za treni, karatasi za peremende, na mara moja jino la mtoto lililofungwa kwenye kitambaa. Vitu hivyo huviweka kwenye kopo. Ukimwuliza ni vya nini, atakwambia anataka tu kujua wenye nguo ni watu wa namna gani.

Binti yake wa pekee, Vivian, alikwenda Ufini kusomea kutunza wazee, akapata kazi huko, akaolewa na Wabwire, kijana wa Kimilili anayesafisha maduka kwa zamu. Mwaka jana mwezi wa tano alijifungua kwa upasuaji, na kidonda kikaingia usaha. Daktari alimkataza kuinua kitu chochote kizito kuliko mtoto mwenyewe. Wabwire asipokwenda kazini halipwi. Vivian alimpigia mama yake akilia, akasema kuna siku mtoto amekaa na nepi moja tangu asubuhi kwa sababu yeye ameshindwa kuinuka. Nabalayo alifunga cherehani yake siku hiyo hiyo na kuanza kutafuta viza. Alipewa siku tisini.

Ploti nzima, yaani wapangaji wote wa jengo letu, ikageuka kuwa wataalamu wa Ulaya. Ndambuki mwenye duka, ambaye safari yake ndefu kuliko zote iliishia Namanga mpakani, alimwonya kwamba watu wa kule hawasemi na mtu wasiyemjua, na ukiwasalimia wanaita polisi. Mimi nilikasirika nikamwambia Ndambuki auze mikate. Nabalayo mwenyewe aliuliza juu ya baridi, juu ya chakula, juu ya vyoo. Aliuliza kila kitu isipokuwa nyumba ya Vivian ina vyumba vingapi. Kwenye simu tulikuwa tukiona kochi, dirisha kubwa na miti myeupe huko nje, tukadhani nyuma ya hiyo simu kuna nyumba.

Hakuwahi kupanda ndege. Nilitaka kujua alifikaje, mtu asiyejua Kiingereza zaidi ya kile cha kuuza suruali. Akasema ana kanuni yake ya Gikomba: ukipotea usimwulize anayepita, mwulize aliye kazini, kwa sababu hawezi kukutapeli akakimbia na kuiacha ndoo yake. Kwa hiyo katika ule uwanja mkubwa wa kubadilisha ndege, alimtafuta mtu mwenye ufagio. Mfagiaji alisoma karatasi yake, akampeleka kwa msukumaji wa viti vya wagonjwa. Huyo akamkabidhi kwa mama mmoja aliyekuwa anauza kahawa, naye akafunga kibanda chake kwa dakika tano ili amfikishe langoni. Walipokezana hivyo, na hakuna aliyemwomba kitu.

Nikauliza kwa nini Wabwire hakwenda kumpokea. Alinitazama kwa huruma. Safari kutoka uwanjani mpaka mji wao ni saa mbili na nusu, na hakuna mkwe atakayekaa na mama mkwe wake kiti kwa kiti muda wote huo. Kijana alimtumia tikiti ya basi. Ndani ya basi, msichana mwenye nywele za buluu alimhesabia vituo kwa vidole, na kituo chake kilipofika, akashuka naye kumwonyesha jengo. Halafu akasubiri basi lingine, maana chake kilikuwa mbele. Nabalayo alimshika mikono yote miwili, na msichana akawa mwekundu mpaka masikioni.

Vivian alimfungulia mlango akiwa amejishika tumbo. Wabwire alikuwa amesimama dirishani, amewapa mgongo kama inavyotakiwa. Alimsalimia mama mkwe wake bila kugeuka, na viatu tayari alikuwa amevaa.

"Hiyo nyumba ni singo, Mama Austine," Nabalayo aliniambia. "Nilifungua mlango ya kwanza nikapata choo. Nikafungua ya pili nikapata makoti. Nikajua nimeisha."

Wabwire akasema anatoka kununua maziwa. Nabalayo alimwogesha mtoto, akamkorogea Vivian uji wa wimbi aliokuja na unga wake, akafua kilichohitaji kufuliwa. Saa nne ya usiku ikafika na jua bado linawaka juu ya paa la jengo la mbele, maana kule mwezi wa sita jua halina haraka ya kwenda kulala. Alijua mkwe wake atarudi wakati wowote. Akachukua begi lake na shuka, akamwambia Vivian anabisha hapo kwa jirani. Vivian alikuwa ananyonyesha nusu usingizini, akaitikia tu.

Asichokijua ni kwamba Wabwire hakwenda kununua maziwa. Alikwenda kwa rafiki yake ng'ambo ya mji kuomba kochi, ili mama mkwe apate kulala kwa amani. Naye mama mkwe alikuwa anatoka ili Wabwire apate kulala kwa amani. Kila mmoja alimwachia mwenzake chumba, na mgonjwa akabaki peke yake na mtoto wa wiki nne. Hapo nilicheka hadi machozi yakanitoka. Nabalayo alisubiri nimalize, akaendelea.

Mlango wa kwanza aliobisha haukufunguliwa, ingawa aliona giza likipita kwenye kitundu cha kuchungulia. Wa pili ulifunguliwa na mwanamume, mnyororo ukiwa umefungwa. Alitazama begi, akatikisa kichwa, akafunga polepole, bila ubaya. Nabalayo akashuka orofa moja. Alikuwa ameanza kuelewa kwamba alichokuwa anafanya si jambo la kawaida mahali pale, lakini kurudi juu ilikuwa ni kumfukuza mkwe kwake, na pesa za hoteli hakuwa nazo. Bila pa kulala angelazimika kupanda basi kurudi uwanjani, na Vivian angebaki na nepi zake na kidonda chake. Akabisha mlango wa tatu.

Alifungua mwanamke mrefu wa miaka sabini na kitu, mwenye nywele fupi za kijivu na soksi za sufu. Baadaye tulijua anaitwa Raili. Nabalayo alimsalimia kwa Kiswahili, hamjambo hapa, kwa sababu hawezi kuomba kitu kabla ya kusalimia. Halafu akaeleza kwa mikono. Alionyesha juu, akabembeleza mtoto ambaye hayupo, akajikata tumbo kwa kidole, akalaza shavu kiganjani, akajionyesha yeye mwenyewe, mwisho akaonyesha sakafu ya yule mama. Raili akamshika mkono wa sweta, akampandisha ngazi mpaka kwa Vivian na kubonyeza kengele.

Vivian alipoelewa mama yake amefanya nini, alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliomba msamaha kwa Kifini, akaeleza habari za ukwe, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuona haya. Raili alimsikiliza amesimama palepale mlangoni. Aliuliza kama mume ni mtu mbaya. Vivian akasema hapana, ni mtu mwema sana, ndiyo maana. Akauliza kama ni dini. Vivian akasema si dini, ni heshima. Akauliza ni usiku ngapi. Vivian alisema kwa sauti ya chini kwamba ni themanini na tisa. Raili akamtazama mtoto, akageuka, akashuka bila kuaga.

"Mama, huku hatufanyi hivyo," Vivian alimwambia. "Ukibishia watu hivi wataniona mimi ndio sina akili."

Nilimwuliza Nabalayo kama aliogopa. Akasema hakuogopa, aliona aibu, na aibu ya kumwaibisha mtoto wako mbele ya watu anaoishi nao ni mbaya kuliko woga. Alikaa kwenye ukingo wa kochi na begi mapajani, akifikiria jinsi ya kumwambia bintiye kwamba kesho anaondoka. Ndipo kengele ikalia. Raili alikuwa amerudi na ufunguo uliofungwa uzi mwekundu. Aliuliza jambo moja tu, na Vivian akatafsiri akiwa bado haamini: anakoroma?

Kwa hiyo Nabalayo alilala kwa Raili usiku themanini na tisa, katika chumba kidogo chenye rafu za vitabu na mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji. Asubuhi alipanda kwa Vivian, jioni akashuka. Mimi nilitaka kujua waliongea nini. Hawakuongea. Wiki ya kwanza alidhani amemkosea mwenyeji wake, maana Raili angeweza kukaa saa nzima akinywa kahawa bila kutoa neno, akitazama miti. Hapa kwetu mtu akikunyamazia hivyo unaanza kukumbuka ulichomfanyia. Ilimchukua siku kumi kugundua kwamba kimya kile hakikuwa hasira. Kilikuwa ni namna ya kukaa pamoja. Kila Jumamosi Raili alimpeleka kwenye chumba cha mvuke chini ya jengo, ambako wanawake wanaoga wakiwa uchi na kutokwa na jasho. Jumamosi ya kwanza Nabalayo alikaa na leso yake ameikaza kifuani kama ngao. Alipofika hapo nilimwuliza Jumamosi zilizofuata zilikuwaje, akakataa kujibu.

Raili alishika mambo ya ukwe haraka kuliko hata watoto wetu wa hapa. Alikuwa anakaa dirishani na kuchungulia. Wabwire akiingia langoni, anamshika Nabalayo mkono wa sweta asitoke mpaka kijana apite ngazini. Akishapita, anamwachia na kutikisa kichwa mara moja.

Kuna siku mambo yalitaka kuharibika. Nabalayo aliona koti la kiume limening'inia barazani kwa Raili, pindo limefumuka, akaona apate cha kufanya badala ya kunywa kahawa ya bure. Alilitandaza mezani. Mkono wake wa Gikomba ukaenda mfukoni wenyewe kabla hajafikiri, kama unavyokwenda kila siku kwa miaka ishirini. Alipoinua macho, Raili alikuwa amesimama mlangoni akimtazama mgeni wake akipekua mifuko ya nguo. Hakuna ishara ya mikono inayoeleza kazi ya mitumba. Nabalayo akatoa alichokikuta, akakiweka mezani: tikiti ya basi iliyofifia na kikaratasi chenye mwandiko wa kalamu, mistari minne. Raili alikisogelea, akakisoma. Ulikuwa mwandiko wa marehemu mume wake, orodha ya vitu vya kununua dukani. Halafu akaingia chumbani kwake, akarudi amebeba makoti mengine manne, akayamwaga mezani mbele ya Nabalayo na kumwonyesha mifuko.

"Huko kote hakukuwa na kitu," Nabalayo aliniambia. "Lakini tulipekua yote, mimi na yeye."

Mwezi wa tisa kidonda cha Vivian kilikuwa kimefunga, anaweza kuinua ndoo, na mtoto amenenepa mashavu. Nikaona hadithi imefika mwisho, na nilikuwa na swali moja tu la karani: alimlipaje yule mama? Nabalayo akasema alijaribu. Alitaka kumwachia pesa kidogo alizokuwa nazo, Raili akazisukuma. Akamshonea pazia. Siku ya kuondoka Raili alimwita Vivian ashuke, kwa sababu alikuwa na jambo la kuuliza na hakutaka likosewe.

"Aliuliza hivi," Nabalayo alisema. "Kama ni yeye angekuja kwetu peke yake, mzee, na begi, hajui hata neno moja, abishe usiku. Nani angemfungulia?"

Nikamwuliza alijibu nini.

"Nikamwambia ni mimi. Na kama mimi siko, ni Mama Austine. Nikamtajia jina lako."

Nilifurahi. Sitaficha, nilivimba kichwa kwamba jina langu limetajwa katika nyumba ya watu huko Ufini. Nikaanza kumweleza Nabalayo ni godoro lipi ningempa Raili, na kwamba ningempikia samaki wa kupaka nazi, maana huenda ugali ungemshinda. Niliongea peke yangu kwa muda. Nabalayo alikuwa anakunja nguo za safari na kuzikunjua tena.

"Unamkumbuka yule mama wa Kongo?" akaniuliza.

Nilimkumbuka. Ilikuwa mwaka juzi mwezi wa nne, mvua inanyesha, kama saa mbili hivi za usiku. Mwanamke wa makamo mwenye begi la mistari, Kiswahili chake kile cha Kongo chenye adabu nyingi. Alikuwa amesafiri peke yake kutoka Bukavu kumtafuta dada yake, ambaye aliwahi kupanga orofa ya tatu, chini yetu, na kuhama bila kusema anakwenda wapi. Simu ya dada ilikuwa imezimwa. Hakuomba chakula. Aliomba kuketi ndani mpaka kupambazuke. Nilisema naye mlango ukiwa umefungwa komeo. Siku hizo kulikuwa na habari za wezi wanaomtanguliza mwanamke ili mlango ufunguliwe, na hicho ndicho nilichojiambia. Lakini nimeandikisha akina mama elfu na elfu, najua sauti ya mtu aliyechoka, na ile haikuwa sauti ya mwizi.

"Alianza kwangu," Nabalayo alisema. "Nikazima taa. Halafu nikasikia anabisha kwako, nikashukuru Mungu. Nikajua wewe utafungua."

Sikuweza kumtazama. Akauliza kwa upole, kama mtu anayetaka tu kujua.

"Ulimwambia aende wapi?"

"Nilimwambia aulize mlango unaofuata."

Sisi tuko orofa ya mwisho. Huku juu mwenye ploti alijenga vyumba viwili tu, cha Nabalayo na changu, na baada yetu kuna ngazi ya chuma tu, inayopanda kwenye matangi ya maji. Hakuna kati yetu aliyetoka kuona kama yule mama alipanda au alishuka.